Mwenye kijana kidato cha tano au cha sita anayewaza chuo Marekani: ulizeni habari ya krediti mapema

Mwalimu wa Segerea

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Advance, yaani somo la Advanced Mathematics, kidato cha tano na sita hapa Dar, na jioni nina vijana wa tuisheni Segerea. Kila Julai matokeo yakitoka, wanakuja wawili watatu na barua za vyuo vya Marekani mkononi. Mzazi anauliza viza, anauliza nauli, anauliza baridi. Habari ya krediti haiulizwi. Nimeona niandike, maana kutouliza huko kuliwahi kunigharimu mimi mwenyewe.

Kwanza tuelewane neno. Siongelei krediti ile ya kidato cha nne, C kwenda juu. Naongelea krediti za chuo, zile zinazojumlishwa kozi kwa kozi mpaka zitoshe shahada. Kule shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120 hivi kwa miaka minne, na kozi moja ina 3 au 4. Kwetu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inataka zisizopungua 360 kwa shahada ya miaka mitatu, kwa sababu krediti moja ya huku ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, darasani, maktaba, mpaka mtihani. Mwaka wao ni 30, mwaka wetu ni 120. Kuna mzazi alisononeka kusikia binti yake kapewa "krediti nane tu". Nane za kule ni zaidi ya robo ya mwaka, na robo ya mwaka kwa ada zao ni pesa ya kujengea msingi wa nyumba Chanika.

Wenzetu wamezoea mtoto kuanza kukusanya krediti akiwa bado sekondari. Kuna mitihani ya Advanced Placement, wanaiita AP, inayosimamiwa na College Board, shirika la mitihani la kule. Mwanafunzi anasoma somo la ngazi ya chuo hukohuko shuleni kwake, Mei anafanya mtihani, anapata alama kati ya 1 na 5. Vyuo vingi vinapokea kuanzia 3, vingine vinataka 4 au 5, na vichache havitoi krediti kabisa. Dartmouth iliacha kuzitoa kwa wanafunzi walioanza mwaka 2014. Njia nyingine ni mtoto kusoma kozi yenyewe ya chuo, mara nyingi kwenye vile vyuo vya miaka miwili wanavyoviita komyuniti koleji, na alama yake ikahesabika sekondari na chuoni kwa pamoja.

Kijana wetu wa Kibaha au wa Jangwani njia hizo hana. Lakini ana kidato cha sita, na hapo ndipo nataka tukae kidogo. Sisi tunasoma saba, minne, miwili: miaka 13. Wao wanamaliza sekondari kwa miaka 12. Fungua muhtasari wa Advance: utakuta kutofautisha na kuintegreti, namba changamano, vekta, milinganyo tofautishi, probabiliti. Sehemu kubwa ya hayo Mmarekani anayakuta mwaka wa kwanza wa chuo. Vyuo kadhaa kule, ukiomba, vinakaa na cheti chako cha NECTA, Baraza la Mitihani, somo kwa somo na kukupa krediti. Ukikaa kimya, kwa kawaida hawakufuati.

Mimi nilikaa kimya.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2008, enzi hizo mtihani ulikuwa Februari. PCM (fizikia, kemia, hesabu), Advance nilipata B. Mwaka uliofuata nikapata chuo kwenye jimbo moja la katikati ya Marekani, nikiwa na ufadhili wa nusu. Wiki ya kwanza tukafanyishwa mtihani wa kupangiwa ngazi ya hesabu. Nilifanya vizuri, wakanirusha kozi ya kwanza ya kalkulasi wakaniweka ya pili. Nilipiga simu nyumbani kwa furaha. Nilidhani kuruka kozi na kupewa krediti za kozi ni kitu kimoja.

Mwaka wa nne, muhula wa mwisho, nikaitwa na mshauri wangu wa masomo. Nina krediti 117, zinatakiwa 120. Kozi niliyorushwa ilikuwa ya krediti 4. Wangenihesabia, ningekuwa nimevuka. Nilikwenda kwa msajili na cheti changu cha NECTA. Yule mama alinisikiliza vizuri, akaniambia maombi ya aina hiyo yanapokelewa mwaka wa kwanza tu, na iliandikwa kwenye kitabu cha chuo. Ilikuwa imeandikwa kweli. Nikabaki majira ya joto kusoma kozi moja ya krediti 3. Ada ilizidi dola 1,200, bado chumba cha miezi miwili, na nililipa kwa kuosha vyombo kwenye bwalo la chuo. Dada yangu aliolewa Julai ile, Buguruni. Picha nilitumiwa.

Kwa hiyo mzazi ukiambiwa "mwanao karushwa kozi", uliza neno moja zaidi: na krediti zake kapewa?

Mwaka juzi nilikuwa na binti wa PCM. Tulifanya tofauti. Alipopata barua tu ya kukubaliwa, tukaandika kwa ofisi ya udahili, na nakala kwa idara ya hesabu. Tuliambatanisha muhtasari wa somo kutoka Taasisi ya Elimu. Mihtasari ya kidato cha tano na sita imeandikwa kwa Kiingereza, huna gharama ya mfasiri. Angalia tu liwe toleo ulilosoma wewe, maana mitaala imebadilika. Uthibitisho wa matokeo ukiuombea na kuulipia, NECTA wanautuma wenyewe chuoni. Idara ikamwita kwa video, profesa akamuuliza maswali nusu saa, akampa krediti 8 za kalkulasi ya kwanza na ya pili. Fizikia wakakataa. Walitaka kuona kazi za maabara, na daftari lake la praktiko alilitupa siku ya mahafali.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu ongezeni.

Mama Wawili, Tabata

Mwalimu asante sana, umenifungua macho. Mwanangu wa kwanza amemaliza kidato cha sita Mei, tunasubiri chuo cha kule, muhula unaanza Januari. Kuna wakala ana ofisi mjini, anasema kijana anaweza kusoma kwa mtandao miezi hii na akaenda na krediti 30 tayari, yaani anaanza mwaka wa pili. Anataka milioni mbili na nusu. Nimeshatoa laki tano. Niendelee?

Mwalimu wa Segerea

Mama yangu, simama hapo kwanza, usitoe nyingine mpaka ufanye haya.

Mwombe wakala jina kamili la chuo kinachotoa hizo kozi. Siyo jina la tovuti, jina la chuo. Kule serikali haitoi ithibati yenyewe kama TCU yetu. Kuna mashirika ya ithibati yanayotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, na wizara hiyo ina orodha ya vyuo vyenye ithibati ambayo mtu yeyote anaifungua bure kwenye intaneti. Jina lisipokuwemo, habari imeishia hapo.

Likiwemo, bado. Krediti haina thamani yake peke yake, thamani inapewa na chuo kinachoipokea. Mwanao aandike barua pepe yeye mwenyewe kwa chuo anachokwenda, ataje kozi kwa majina na namba zake, aulize kama watazipokea na zitaingia wapi. Kozi inaweza kupokelewa ikawekwa kwenye kapu la "nyinginezo", isimpunguzie hata kozi moja ya shahada yake. Jibu lije kwa maandishi. Maneno ya wakala kwenye WhatsApp siyo jibu la chuo.

La tatu ndilo linaloumiza watu, na sijaona wakala analisema. Krediti anazopata mtoto akiwa bado sekondari kwa kawaida hazimwondolei hadhi ya mwanafunzi mpya. Lakini huyu wako ameshamaliza. Vyuo vingi kule vinamhesabu aliyesoma chuo baada ya kumaliza sekondari kuwa ni wa kuhamia, na fungu la ufadhili wa wanaohamia mara nyingi ni dogo kuliko la wapya. Unaweza kulipia krediti 30 ukapoteza ufadhili wa miaka minne. Kama barua yake ina ufadhili wa mwanafunzi mpya, uliza hili kabla ya yote.

Pale ubalozini Msasani kuna washauri wa EducationUSA, wanaoelekeza watu wanaotaka kusoma kule, ushauri wao ni bure. Nenda na barua ya kijana na karatasi za wakala. Laki tano iombe irudi kwa maandishi, na risiti usiipoteze.

Mtanzania wa Minnesota

Mwalimu umesema ukweli mtupu. Niongeze upande wa watoto walioko huku, maana najua humu kuna ndugu wanaoleta watoto wakiwa kidato cha pili au cha tatu.

Minnesota ina sheria tangu 1985 inayomruhusu mwanafunzi wa darasa la 11 na 12 kusoma kozi za chuo, jimbo linalipa ada na vitabu. Wanaiita PSEO. Washington State nao wana yao, Running Start, ilianza kwa sheria ya 1990. Mwanangu wa kiume aliingia kwenye mpango huu akiwa na miaka 16. Asubuhi chuo, mchana mpira wa shule. Alimaliza sekondari na krediti 52, sikutoa senti kwenye ada.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Dada yake alimtangulia, akaenda chuo cha serikali hukuhuku jimboni, na kwa sababu kozi zake zilikuwa ndani ya kifurushi cha Minnesota Transfer Curriculum, kozi ambazo vyuo vya serikali vya jimbo vimekubaliana kupokeana, zilipita zote. Huyu wa kiume akachagua chuo binafsi jimbo jingine. Kati ya 52 wakapokea 34. Na kuna kozi moja ya kemia alilemewa akaiacha katikati. Ile W, alama ya kuonyesha aliacha kozi, bado iko kwenye transkripti yake ya chuo mpaka leo. Mtoto wa miaka 16 anaandika rekodi ambayo itasomwa na waajiri na vyuo vya uzamili. Shule itakwambia ni bure, ni kweli ni bure. Ila uhakikishe mtoto yuko tayari, na ajue tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila alama.

Mzee wa Keko

Nimesoma yote. Swali langu ni moja, haraka ya nini? Mtoto wa miaka 17 akiruka mwaka wa kwanza anaruka na kuzoea mazingira, lugha ya darasani, marafiki. Nimeona vijana wameingia mwaka wa pili chuo kikuu hapahapa kwa kuhamishwa na wakadisko, wakaondolewa chuo kwa kufeli.

Mwalimu wa Segerea

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako naiheshimu na nimeiona ikitokea.

Ila krediti siyo lazima zitumike kukimbia. Mwanafunzi wa viza ya masomo kule analazimika kusoma muda wote, kwa shahada ya kwanza siyo chini ya krediti 12 kwa muhula. Binti yangu yule mwenye 8 hajapunguza muda. Anasoma 14 au 15 kwa muhula pale wenzake wanapobeba 16, na muda uliobaki anafanya kazi maabara kwa profesa. Akifeli kozi moja ana pa kuegemea, hatalazimika kubaki kiangazi kama mimi. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa, akiba. Na kijana ambaye Advance yake ni D, mimi mwenyewe humwambia arudie kalkulasi ya kwanza hata kama wanamrusha.

Fundi Sanifu

Wakuu, tunaongelea Marekani, na hapa nyumbani je? Mimi nilitoka kidato cha nne nikaenda stashahada ya uhandisi miaka mitatu. GPA yangu, wastani wa alama, ilivuka 3.0, nikadahiliwa shahada. Nikaanza mwaka wa kwanza, miaka minne. Semesta mbili za mwanzo, vitu ambavyo nilikuwa nimeshavifanya kwa mikono karakana, naketi navisikiliza upya na wenzangu waliotoka kidato cha sita. Mechanics, uchoraji, hesabu. Niliuliza, nikaambiwa stashahada ni sifa ya kuingilia, haihesabiki ndani. Jumla miaka saba. Inauma.

Mwalimu wa Segerea

Ndugu yangu, hili hata mimi linanikera, na nalisema waziwazi kama mwalimu. Mfumo wetu una krediti kila mahali kwenye makaratasi. Stashahada zilizo chini ya NACTVET, baraza la vyuo vya ufundi, zinahesabiwa kwa krediti, shahada za TCU zinahesabiwa kwa krediti. Mwanafunzi anayehama chuo kikuu kimoja kwenda kingine kwenye programu ileile anaweza kuhama nazo. Lakini ngazi ya chini kwenda ya juu, mara nyingi cheti kinafungua mlango halafu kinabaki nje. Aliyechora michoro ya mashine miaka mitatu angalau apewe mtihani wa kozi ile, akifaulu asonge.

Tumaini langu liko kwenye mkondo wa amali ulioletwa na sera mpya iliyozinduliwa Februari 2025. Mtoto anasoma fani akiwa bado sekondari, siyo kusubiri mpaka afeli ndipo apelekwe VETA. Kama kazi aliyoifanya ndani ya fani itahesabiwa akifika chuo, basi tutakuwa tumepata cha kwetu. Wanaoandika miongozo ya udahili waanze kulifikiria sasa, maana watoto hao tayari wako madarasani.

Binti wa PCB

Mwalimu shikamoo. Niko kidato cha tano PCB (fizikia, kemia, baiolojia), shule ya bweni, nimekuja likizo Mbagala. Nataka kusoma udaktari Marekani. Je naweza kufanya hiyo AP nikiwa hukuhuku? Au niache?

Mwalimu wa Segerea

Marahaba mwanangu.

AP inafanyiwa kwenye shule zilizoidhinishwa na College Board. Mtu asiye mwanafunzi wa pale inabidi aombe shule hiyo impokee, na si lazima ikubali. Ada kwa mtahiniwa wa nje ya Marekani inazidi dola 100 kwa somo moja. Na ujue mitihani yao iko wiki mbili za mwanzo wa Mei, wakati uleule wa mtihani wako wa kidato cha sita. Usije ukagawa akili mwezi ule. Kama shule yako haina, mimi nisingekushauri uhangaike. Weka nguvu zote kwenye kombi yako. A na B za PCB ndizo utakazokwenda kuombea krediti.

Kuna mitihani mingine ya College Board inaitwa CLEP, ada yake iko chini kidogo ya dola 100, alama ni 20 mpaka 80 na wengi wanakubali kuanzia 50. Hiyo unaweza kuifanya ukishafika kule, kabla hujasoma kozi ya juu yake. Ningeijua wakati wangu, ningeigeuza ile kozi niliyorushwa kuwa krediti 4 kwa asubuhi moja. Uliza kwanza chuo chako kama wanaitambua, siyo wote.

Kuhusu udaktari: kule unaanza na shahada ya kwanza, ndipo unaomba chuo cha tiba. Baadhi ya vyuo vya tiba havitaki baiolojia na kemia zilizopatikana kwa mitihani ya sekondari, vinataka uzisome chuoni na maabara yake. Kwa hiyo hata wakikupa krediti za kemia, muulize mshauri wako kabla hujaziruka. Krediti za hesabu au za masomo ya jumla kwa kawaida hazina taabu sana, ila nazo uliza.

Na tafadhali, madaftari ya praktiko. Yote matatu, fizikia, kemia, baiolojia. Tarehe, lengo, vifaa, data, hitimisho, saini ya mwalimu. Piga picha kila ukurasa, weka kwenye barua pepe yako. Usimwachie mtu, usiyachome siku ya mwisho.

Binti wa PCB

Asante sana mwalimu. Nimeyatafuta leo. Fizikia na baiolojia yapo. La kemia nilikuwa nimempa mdogo wangu achore, nimelikuta chini ya kitanda, kurasa mbili zimechanwa. Ni titresheni ya mwezi wa tisa.

Mwalimu wa Segerea

Kurasa mbili siyo nyingi. Ukirudi shule mwombe mwalimu wa maabara muirudie hiyo titresheni, uiandike kwa tarehe ya siku utakayoifanya, siyo ya mwezi wa tisa, na aisaini. Zilizobaki zipige picha leo kabla giza halijaingia, mwanga wa mchana unasomeka vizuri zaidi.

Mama Wawili, Tabata

Mwalimu, nimerudi. Chuo kimemjibu kijana asubuhi hii. Wamesema kozi zozote atakazosoma sasa zitamfanya awe mwanafunzi wa kuhamia na barua ya ufadhili itabidi iangaliwe upya. Nimesitisha. Wamemwambia pia atume muhtasari wa Advance na matokeo ya NECTA, idara itaangalia. Naomba nikulete kijana Jumamosi.

Mwalimu wa Segerea

Mlete mama, saa nne asubuhi, kituo cha Segerea mwisho nitampokea. Aje na cheti cha kidato cha nne pia, na barua pepe ya chuo aichapishe.